Hatua Saba, Mkono wa Kuume

Wewe unayenisikiliza, ukifumba macho sasa hivi, unaweza kutoka kitandani kwako mpaka kwenye kiti chako bila kugusa ukuta? Jaribu kesho asubuhi, uone. Utagonga meza, utakanyaga sahani, mwisho utaita mtu.

Baba Barnabé hakuita mtu. Macho yake yalizimika polepole kwa ugonjwa wa presha ya macho, kwanza pembeni, kisha katikati, lakini ndani ya nyumba yake ya kampi ya wafanyakazi alitembea kama mtu anayekwenda sokoni mchana. Akishuka kitandani, hatua nne mpaka mlango wa chumba. Hapo anageuka mkono wa kuume, hatua saba, na kiti chake cha mbao kinamngoja sebuleni chini ya dirisha. Akigeuka mkono wa kushoto, hatua tatu tu, mlango wa nyuma, mapandio mawili ya simenti, na bomba la maji. Alihesabu kwa sauti ndogo, kama mtu anayesali rozari.

Zamani hakuhesabu. Mke wake, mama Georgette, alimshika mkono kwenda misa na kurudi, wakitembea polepole, mpaka watoto wa kampi wakawaita bafiancés, wachumba. Mama Georgette alipokufa, mzee akaanza hesabu zake. Tangu siku hiyo ukimshika kiwiko ili umsaidie, anakukung'uta.

"Acha! Minye siko mbuzi ya Noël ya kukokota."

Watu walicheka, wakamsifu. "Baba Barnabé ni mwanaume. Haoni, na hapotei."

Aliyebaki naye ni Eugénie, mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mjane, na watoto wake wote wamekwisha kuoa na kuolewa huko Lubumbashi. Alibeba jina la mama yake Barnabé, kwa hiyo mzee alimwita Mama tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Kazi yake ilikuwa samaki. Kila Jumatatu alishuka ziwani Tshangalele kununua kwa wavuvi, Jumatano alirudi na vikapu vyake, nguo zikinuka moshi.

Mwaka ule kuta za kampi zilianza kupasuka. Kwa Barnabé ufa ulianzia nyuma ya kabati, mwembamba kama uzi, na mvua zilipokwisha mtu aliweza kuingiza kidole. Wakubwa wa mtaa walipita, wakachora msalaba mwekundu kwenye kila mlango: mtoke kabla ya mvua ijayo.

Eugénie alikuwa na lupango lake upande wa Kikula, kiwanja kizuri, na katikati yake kichuguu kirefu kupita nyumba. Huku kwetu kichuguu ni mali. Udongo wake unashikana vizuri, unaukanyaga, unaufyatua matofali, unayapanga tanuru, unayachoma siku tatu. Kichuguu kinakuwa nyumba, na mahali pake panabaki shimo la kutupia taka. Kile cha Eugénie kilitoa matofali elfu nane na mia kidogo, mekundu, ukiyagonga yanalia kama kengele.

Akawaza: papa yangu kwa umri huu hawezi tena kujifunza nyumba nyingine. Nitamjengea ileile. Hatua nne, hatua saba, hatua tatu, mapandio mawili. Na sitamwambia kuwa ni ileile. Alikwisha kuiona siku ile moyoni mwake: mzee anaingia, anahesabu, anageuka, anakaa kwenye kiti chake, machozi yanamtoka, anasema, "Mama, umefanya nini?" Kwa neno hilo moja Eugénie aliuza vitenge vyake vyote vya sikukuu, akanunua mabati.

Akamwita Hervé, fundi wa kujenga, mtu wa kazi safi. Hervé alikuja kampi na kamba yake ya mafundo. Eugénie akamshika bega, akampitisha mlango wa jirani, kwa mama Germaine, ambaye alikuwa amekwisha kuhamia Mulungwishi. Nyumba ilikuwa wazi na tupu.

"Mama Eugénie, nyumba ya papa njo ile," Hervé alisema. "Juu ya nini tunapima hii?"

"Papa iko ndani. Akisikia tu kamba yako, surprise imekufa. Hii na ile ni mapacha, ukuta moja tu inabatenga. Pima."

"Mais mama..."

"Pima, Hervé. Minye siko mutu ya maneno mingi."

Hervé akapima. Alipima chumba, ujia, sebule, hata kimo cha mapandio, akafunga fundo kwa kila kipimo. Labda wewe umekwisha kuona. Eugénie hakuona, naye alikuwa na macho mawili mazima.

Miezi ya baridi ikapita na ujenzi. Kila Jumapili, baada ya misa, mzee aliuliza neno moja.

"Mama, siku gani utanipeleka nipapase ile matofali?"

"Ngoja, Papa. Nitakuonyesha wakati yote imeisha."

"Kunionyesha? Na macho ya nani?"

Wanacheka wote wawili. Eugénie anarudi jikoni kusonga bukari, ugali wao, mzee anabaki kwenye kiti, viganja juu ya magoti. Viganja hivyo vilikuwa na makovu meupe ya asidi, maana alifanya kazi usine, kiwandani, miaka thelathini na moja.

Kuta zilipofika kimo cha madirisha, Eugénie alitoka Tshangalele akaenda moja kwa moja kwenye lupango, kikapu bado kichwani. Akaingia mahali patakapokuwa chumba cha baba yake. Akafumba macho, akacheza mchezo wa mzee. Moja, mbili, tatu, nne. Akageuka mkono wa kuume. Moja, mbili, tatu... akafumbua macho. Mbele yake lilikuwa tundu la mlango wa nyuma, na chini mapandio mawili.

Ndipo akakumbuka. Nyumba za kampi zilijengwa mbilimbili, ubavu kwa ubavu, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Kila kilicho kuume kwa huyu, kiko kushoto kwa yule. Alikuwa amemjengea baba yake nyumba ya Germaine.

Hervé alikuja akifuta mikono kwenye suruali.

"Nilipima vile ulisema, mama. Fundo kwa fundo."

"Najua."

"Tubomoe?"

"Na matofali?"

"Kichuguu imeisha. Na hizi tukizivunja, nusu itakuwa vumbi."

"Na mvua?"

Hervé aliangalia juu ya milima, upande mvua inakotokea.

Eugénie alishusha kikapu, akakaa juu ya rundo la mchanga. Akakaa sana. Mwisho akasema, "Acha. Atazoea." Na njiani kurudi alilisema tena peke yake, atazoea, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake.

Walihama mwanzo wa mwezi wa kumi. Mzee alikataa mkono wa dereva, akakataa mkono wa Eugénie, akafuata sauti tu: mbele, Papa, hapo, sasa mlango. Ukuta ulinuka chokaa mbichi. Eugénie alimpeleka chumbani, akamwonyesha kitanda kwa kukipiga kofi.

"Anzia hapo, Papa."

Mzee alikaa, akavua kofia, akasimama. Hatua nne: mlango. Uso wake ukafunguka. Akageuka mkono wa kuume, akahesabu moja, mbili, na katika ya tatu paji la uso likagusa mbao. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Akaupapasa kutoka juu mpaka chini, komeo, bawaba, bila haraka. Eugénie aliziba mdomo kwa kitenge.

Kisha mzee akageuka. Tatu, akafika tena kwenye mlango wa chumba. Akaendelea mbele hatua saba, akanyoosha mkono, kiti kikawa pale. Akakaa.

"Iko muzuri, Mama," alisema. "Iko nyumba ya makasi, ya nguvu."

Eugénie akashusha pumzi. Furaha hiyo ikamziba akili, hakujiuliza hata kidogo mzee alijuaje zile saba za upande wa pili. Na "umefanya nini" aliyoingojea miezi yote haikuja.

Juma la kwanza Eugénie alibaki nyumbani. Mzee alifanya mazoezi asubuhi na jioni, kwenda na kurudi, midomo ikicheza. Jumatatu ya pili, alfajiri, Eugénie alipaka mlango wa nyuma rangi ya buluu. Ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya nyumba nzima. Akauacha wazi ukauke, akauegemeza jiwe, akamwagiza jirani, mama Marlène, alete bukari saa sita na asiufunge mlango mpaka rangi ishike.

"Leo njo Jumatatu?" mzee aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Ndiyo, Papa."

"Samaki zinakungoja." Akageuza uso upande wa sauti yake. "Na kama tungeenda sisi wawili? Nisikie tu maji ya ile ziwa."

Eugénie alicheka, akifunga mzigo wake. "Papa! Ile njia ni mawe tupu. Na kule nani atakushika? Weye hutakaka kushikwa."

"Ni vile," mzee alisema. "Haya. Enda."

Kesho yake baada ya chakula mzee alilala. Jua lilipiga mabati, nyumba ikawa moto, usingizi ukamchukua mbali. Alipoamka alikuwa bado nusu huko. Kichwa chake kilikuwa kimejifunza nyumba mpya, lakini miguu ilikuwa bado inakaa kampi. Hatua nne. Akageuka mkono wa kuume kwenda kwenye kiti chake. Alipaswa kuhesabu saba. Alihesabu nne.

Mama Marlène alimkuta chini ya mapandio, mguu umelala vibaya, kiganja kina rangi ya buluu ya mlango ambao ulikuwa bado haujakauka. Alipojaribu kumshika, safari hii hakumkung'uta. Hospitalini walisema ni mfupa wa nyonga, na kwa mtu wa miaka sabini na tisa mfupa huo hauungi tena kiasi cha kumsimamisha. Majuma matatu baadaye wanaume wanne walimrudisha nyumbani ndani ya blanketi, wakampitisha mlango wa mbele, wakamlaza. Mlango wa buluu ulikuwa mzuri sana. Watu waliokuja kusalimia waliusifu, na kila sifa ilimchoma Eugénie kama kisu.

Akaacha kwenda Tshangalele. Akakaa naye, akamwosha, akamgeuza. Siku moja mvua ilikuwa inapiga mabati, akaona kucha za baba yake zimekuwa ndefu. Zamani alizikata mwenyewe kwa kupapasa. Eugénie akaleta wembe, akavuta kigoda, akauchukua mkono wa mzee akauweka juu ya goti lake. Hakuwa ameushika hivyo tangu mazishi ya mama yake. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Alikata kucha ya gumba, ya pili, ya tatu. Hapo akauweka wembe chini.

"Papa, hii nyumba iko ya kugeuka. Tulipima kwa Germaine. Nilijua tangu kuta zilifika kwa madirisha, na nilinyamaza. Minye njo nilikuangusha."

Mzee hakushtuka. Hata alitabasamu.

"Nilijua ile siku ya kwanza. Nilipogonga ule mlango nikasema, ee, Eugénie amenileta kwa Germaine! Miaka makumi ine nilikunywa chai mule ndani, Mama. Nisijue?"

"Na haukusema?"

"Ulikuwa umechoka. Nilisikia pumuzi yako."

Eugénie akalia sasa, bila kujificha. Akasema Hervé angeweza kuja, kuziba mlango ule, kufungua mwingine, kugeuza yote. Akasema angeuza hata mabati. Kisha akakatika, maana aliona jambo ambalo halikumjia kichwani mwaka mzima wa kupima na kuchoma na kupaka.

"Papa, sijakuuliza ata siku moja. Weye ulikuwa unataka nini?"

Mvua ikapiga. Mkono wa mzee ulikuwa bado juu ya goti la mtoto wake, kucha mbili bado hazijakatwa.

"Unajua juu ya nini nilianzaka kuhesabu?" alisema. "Mama yako alikufa. Weye unaenda kwa samaki. Mutu anahesabu kama hana wa kumushika. Njo vile tu. Halafu bantu bakasema, Barnabé mwanaume, Barnabé hapotei. Wakikusifia hivi, utasema nini tena? Kila mutu aliyenishika alikuwa na haraka, alinikokota. Nikawa nakataa. Nikakataa mupaka na weye ukaamini."

"Lakini nilikujengea nyumba ya kutembea mwenyewe, Papa."

"Njo ile ilinitia woga. Nyumba ya kutembea mwenyewe ni nyumba ya kubaki mwenyewe." Akavuta pumzi. Vidole vyake vikafunga polepole juu ya vidole vya Eugénie, na ngozi yenye makovu ilikuwa ya joto. "Kila Jumapili nilikuuliza siku gani utanipeleka kwa ile matofali. Matofali ni matofali, Mama, nimeyagusa mengi. Minye nilikuwa nataka unishike mukono, tuende polepole."