Miaka Miwili Isiyofanyiwa Kazi

Shule thelathini za Cebu, Ufilipino, zililipia programu ya mahudhurio ya miaka mitatu kwa mkupuo, mapema. Perpetua, mhasibu wa kampuni, aliandika theluthi moja tu ya pesa hizo kuwa mapato, ya mwaka wa kwanza. Pesa zilizobaki aliziandika deni la huduma ambayo shule bado zinadai.

"Dada Petua, pesa si ziko benki?" bosi wake, Anselmo, alimcheka. "Unaogopa Mungu au wakaguzi?"

"Bosi, miaka miwili hatujaifanyia kazi. Tukifunga kesho, tutawarudishia nini?"

"Wawekezaji wanakuja Jumatatu. Wakiona hasara, Krismasi hii hakuna mshahara wa kumi na tatu, ule wa ziada wa mwisho wa mwaka, kwa yeyote. Waambie wenzako mwenyewe."

Perpetua aliwatazama wenzake wakigawana tambi za pansit. Alisali kimoyomoyo, kisha akahamisha pesa zote za deni kuwa mapato.

Wenzake, wasiojua lolote, wakamletea sahani. Chakula kilimshinda.