Nukta ya Kisima cha Saba

Kwa miaka kumi na moja alikuwa mhariri wa mkusanyo wa tafiti za chuo kikuu, ule unaotoka kila mwaka ukiwa na sheria, uuguzi, madini na lugha ndani ya jalada moja. Koma za wasomi wote wa pale alizijua. Jina lake mwenyewe lilikaa ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, chini ya sanduku la posta. Masomo ya uzamili aliyaacha njiani baba yao alipougua, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Mdogo wake, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, aliendelea hadi mwisho.

Sasa toleo jipya lilikuwa mezani, na makala ya kwanza kabisa ilikuwa ya Kitinda: chumvi katika maji ya visima vya shule. Mwenyekiti wa jopo la wahakiki alikuwa amebandika kikaratasi juu yake: "Kazi safi. Itangulie."

Aliisoma akitafuta pa kumkamata, kwa jicho ambalo hakuwahi kumkodolea mwandishi mwingine. Lugha ilikuwa imenyooka. Lakini kwenye jedwali la tatu, kisima cha saba kiliandikiwa 42, ilhali maelezo chini yake yalisema 4.2. Nukta ilikuwa imedondoka, na chumvi ikazidi mara kumi. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Akaiweka chini, akafunua ukurasa uliofuata, na siku hiyohiyo kazi ikaenda kwa mpiga chapa.

Jumapili walikula kwa mama yao. Mama alishapata habari, na kila jirani aliyepita mlangoni aligawiwa fungu lake.

"Watu wengine hutia chumvi," alimwambia mmoja, "wangu anaipima."

"Mama, basi jamani," alisema Kitinda. Kisha akamgeukia dada yake. "Afadhali imepita kwako, Dada. Kwa mwingine ningekuwa na wasiwasi."

"Kula, chakula kinapoa," mhariri alimjibu. Chake akakifunika.

Jumatatu, hata mkoba hajautua, aliteremka ghorofa ya chini kwenye mashine za kuchapa, akaomba jedwali lile lisahihishwe.

"Umechelewa, mama," mpiga chapa alimwambia, akimwonyesha marundo. "Nakala mia tatu, zimeshashonwa. Labda tubandike vikaratasi vya masahihisho."

Alimpigia simu Kitinda, naye akaja na viatu vyenye udongo mkavu. Akalitazama jedwali.

"Hili kosa langu," alisema. "Ila wewe nukta haikupiti. Hii ilikupitaje?"

Ingekuwa rahisi kusingizia macho.

"Haikunipita. Niliiona, nikaiacha."

"Kwa nini?"

"Kijicho, mdogo wangu. Nilitaka uchekwe kidogo."

Kitinda hakupandisha sauti. "Shule yenye kisima hicho ingekifunga bure, Dada. Watoto wangechota maji mtoni. Hukuwafikiria?"

"Sikuwafikiria. Nilikufikiria wewe tu."

Mhariri alikaa kuandika kikaratasi: kosa hili ni la mhariri. Kitinda akasoma juu ya bega lake.

"Andika la wote wawili," alisema. "Ndiyo kweli yenyewe."

Walibandika mpaka mchana, kila mmoja upande wake wa meza, wakipokezana gundi. Mpiga chapa alijaribu mzaha mara mbili, akaona hapati wa kucheka naye, akaenda kunywa chai.

Mwaka uliofuata Kitinda aliomba makala yake ipewe mhariri mwingine. Hakumweleza mama sababu, na Jumapili waliendelea kula pamoja. Kitabu kilipotoka, mhariri aliisoma makala hiyo maktabani, amesimama kati ya rafu. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, na ilimchoma palepale pa zamani. Akakirudisha kitabu mahali pake, akamwandikia mdogo wake ujumbe wa pongezi.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Asante, Dada."