Orodha Iliyopakwa Wino

Nilifanya kazi masijala ya ofisi ya nyumba miaka thelathini na moja, na sitaki mtu anifundishe jinsi serikali inavyoficha karatasi. Ndiyo maana jirani yangu Nzilani, fundi cherehani hapa Shauri Moyo, alikuja kwangu. Nyumba zetu za zamani zitabomolewa, na alitaka kujua kama jina lake limo kwenye orodha ya watakaopewa fleti mpya. Malalamiko yangefungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi uliofuata. Ambaye jina lake halimo na hajalalamika kufikia hapo, shauri yake.

Nikamwandikia barua safi, nikataja sheria ya kupata habari pamoja na kifungu chake. Jibu lilikuja siku ya ishirini na moja, siku ya mwisho inayoruhusiwa, maana wenzangu wana nidhamu. Lilisema orodha haiwezi kutolewa kwa kuwa ni mawasiliano ya siri kati ya wakili na mteja wake.

Wakili alishauri nini kuhusu majina ya wapangaji? Hakushauri chochote. Pale ofisini kila karatasi yenye matata hupitishwa kwanza mezani kwa wakili, naye huandika juu yake "Nimeona". Akishaona, imekuwa ushauri wa kisheria. Orodha ya zamu za kupika chai iliwahi kupita hapo, na mpaka leo hakuna anayeruhusiwa kujua nani alipaswa kuleta maziwa. Mbinu hiyo niliianzisha mimi. Nilipandishwa cheo kwa ajili yake.

Tukaomba uamuzi upitiwe upya. Safari hii walilegeza kidogo: wakatuma orodha, ila majina yote yamepakwa wino mweusi kwa kalamu nene, eti kulinda faragha ya wahusika. Namba za nyumba waliziacha, nadhani kwa kuwa nyumba haioni haya. Mimi nilikata tamaa pale pale. Nzilani akatoa shingoni futi yake ya kupimia nguo, akailaza juu ya karatasi.

"Baba Amondi, mimi naitwa Nzilani Muthama Maingi," akasema. "Huu wino mbele ya namba ya nyumba yangu ni sentimita mbili. Mimi nitaingia wapi hapo?"

Akapima na mistari ya majirani, mmoja mmoja. Wangu, Sylvance Obonyo, ulinitosha kabisa. Nilijifanya natafuta miwani.

Ijumaa ile ya mwisho tukaenda ofisini. Wakili, Bi Teresiah, alitupokea vizuri, hata viti akatuvutia. Alieleza kwamba mlalamikaji sharti aambatanishe ushahidi kuwa jina lake halimo. Ushahidi ni orodha yenyewe. Orodha nayo ni siri, na anayejua kilichomo ana kesi ya kujibu. Nzilani akamwomba amwambie tu, limo au halimo.

"Mama, hilo siwezi kuthibitisha wala kukanusha."

"Basi pokea malalamiko yangu hivyo hivyo."

Aliyapokea. Aliyasoma taratibu, akaandika "Nimeona" juu yake kwa kalamu ya bei, akayatia kwenye kabati la nyuma yake. Nililijua kabati lile. Nilitaka kusema kitu, nikakohoa tu.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa choo cha estate: kamati ya kugawa fleti haikuletewa lalamiko lolote kutoka Shauri Moyo, na inawashukuru wakazi kwa kuridhika. Nzilani alilisoma mara mbili, kisha akanigeukia.

"Miaka yako yote pale, Baba Amondi, malalamiko ya watu wangapi yaliingia kwenye lile kabati?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sikuwahi kuyahesabu. Alirudi kwake akaanza kufunga vitambaa vya wateja kwenye gunia, nami nikabaki mlangoni kwake nikiona aibu.