Nyonga ya Kulia

Valéry hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa refa wa mechi za mitaani Kanyosha, na hata nyumbani alikula amesimama. Pikipiki ilipomwangusha ikamvunja mfupa wa paja pale juu, karibu na nyonga, fundi wa mifupa alimfunga, akamwambia alale. Hakulala ipasavyo. Mfupa ukaunga umeinama, mguu wa kulia ukafupika, akawa anatembea akiyumba kama aliyebeba ndoo mkono mmoja.

Hospitalini, Dokta Ingrid alimpiga picha ya mifupa, kisha akamwambia, "Simama kwa mguu wa kulia peke yake."

Akasimama. Kiuno kikashuka upande wa kushoto.

"Unaona? Nyonga imepinda. Hukuzaliwa hivi, ni mfupa uliounga vibaya. Tutaukata, tuunyooshe, tuufunge na chuma."

"Halafu?"

"Halafu utalala."

Neno hilo lilimtisha kuliko kisu.

Siku ya kupasuliwa alizunguka koridoni tangu alfajiri, mpaka mkewe Léoncie akamvuta gauni la hospitali. "Valéry, kaa basi!" Akakaa. Akasimama tena. Alirudi kitandani pale tu Trésor, muuguzi wa zamu, alipokuja na kalamu, akasoma dosiye, faili lake la matibabu, akamchora mshale kwenye nyonga. Ya kushoto.

Valéry akaruka. "Apana! Muguu mubaya ni huu!"

"Dosiye inasema kushoto, papa."

"Mi ndiye mwenye muguu!"

Trésor hakubishana, akaenda kumwita daktari. Léoncie akaanza kusali chinichini. Valéry alisugua ule mshale kwa mate hadi ngozi ikawaka.

Dokta Ingrid alikuja na picha mkononi. Akamsimamisha upya, mguu mmoja, kisha wa pili. Akasoma maandishi yake mwenyewe kwenye dosiye.

"Kosa ni langu," alisema. "Ulikuwa umenielekea. Nikaandika upande wangu badala ya wako."

Akalipiga neno "kushoto" mstari mmoja, bila kulificha, akaandika "kulia", tarehe na sahihi. Akachora mshale mpya mwenyewe.

"Bado unakubali nikupasue?"

Valéry akautazama mlango. Miguu ilikuwa ikimwasha aondoke.

"Soma tena. Kwa sauti."

Daktari akasoma: nyonga ya kulia, imepinda baada ya kuvunjika. Valéry akajilaza.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kazi ilikuwa kulala kitandani. Vidole vya miguu vilicheza chini ya shuka mchana kutwa. Alisikiliza mpira redioni, akiwagombeza marefa. Mara nyingine Léoncie alimkuta amekwisha kuning'iniza miguu. "Valéry!" Akairudisha juu, akinung'unika.

Miezi ilipopita, Dokta Ingrid alimsimamisha kwa mguu wa kulia. Kiuno kikabaki sawa.

"Na kukimbia?"

"Bado. Tembea kwanza."

Alikuwa ameshafika nje na gongo lake moja, Léoncie bado anaaga.