Lango la Mjomba

Watoto ndio walioshinda. Baba yao, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi, alitaka sikukuu ya uhuru aimalize kitandani, maana wiki nzima alikuwa amepiga magoti nyuma ya majokofu ya watu.

"Mimi nimeshapata uhuru wangu jana jioni, nilipofunga karakana," alimwambia mkewe. "Huo mwingine waadhimishe wao."

Lakini Mjomba alikuwa ameshawaahidi watoto gwaride, na katika nyumba ile neno la Mjomba halikuwa na rufaa.

Mjomba alikuwa askari polisi, mdogo wake mama watoto, tumbo moja. Mama mzazi wa ndugu hao wawili alipofariki, dada mtu ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa kusuka vichwa vya watu mpaka vidole vikaota sugu. Kijana naye hakuwa mtovu wa shukrani. Kila akija, kofia yake ilihamia kichwani kwa mtoto wa kwanza, waliyemwita Bwana Mkubwa, na Kifaranga, binti mdogo, alipanda mgongoni kwake asishuke mpaka usingizi umchukue.

"Dada, nimepangwa lango la mashariki la uwanja," alisema kwenye simu siku ya kuamkia sherehe. "Njooni hapo hapo. Hamtapata tabu."

Basi wakaenda kwa miguu, watoto wakipunga vibendera, Fundi akibeba dumu la maji na kulalamika kwamba huko aendako hakuna hata jokofu moja la kumpa heshima. Mkewe, yule msusi, alicheka njia nzima. Baadaye kicheko kile kilikuja kumuuma kuliko mengine mengi.

Langoni watu walikuwa wengi, ila walikuwa wanaingia. Walimwona Mjomba kwa ndani, amesimama kwenye safu ya wenzake na ngao yake.

"Mjomba! Mjomba!" watoto wakapiga kelele.

Akawainulia kidole kimoja: ngojeni kidogo.

Walikuwa wamebakiza hatua chache tu mkubwa wa wale askari alipotoa amri kwamba uwanja umejaa. Lango likafungwa, likapigwa mnyororo. Wa mbele waliona. Wa nyuma hawakuona. Na bendi ilipoanza kupiga kule ndani, wa nyuma wakadhani wanapitwa na uhondo, wakasukuma.

Mwanzoni watu walitukanana tu. Halafu matusi yakakoma, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pumzi ya kutukania. Msusi alihisi mbavu zake zikibanwa kwenye vyuma vya lango. Fundi akamnyanyua Bwana Mkubwa juu ya vichwa, akampitisha kwa mtu, na yule kwa mwingine, hadi kwa vijana waliokuwa wameketi juu ya ukuta. Kisha Kifaranga, analia, kiatu kimoja kimemtoka.

"Washikeni!" Fundi aliwapigia kelele. "Washikeni hao!"

Mnyororo ulikuwa karibu kiasi kwamba msusi angeweza kuugusa. Na kando yake, mdogo wake.

"Fungua!" alisema. Sauti ilitoka kama ya mgonjwa. "Mdogo wangu, ni mimi. Fungua."

Macho yao yakakutana. Kijana akamtazama mkubwa wake, akautazama mnyororo, akamtazama tena dada yake. Kisha akateremsha kioo cha kofia yake ya chuma, akainua ngao.

Fundi alijipenyeza nyuma ya mkewe, akashika vyuma kulia na kushoto kwake, akajikaza mgongo dhidi ya umati mzima ili mkewe apate nafasi ya kupumua.

"Usiseme kitu, mama watoto. Vuta pumzi. Vuta tena."

Akawa anamhesabia pumzi sikioni. Mizinga ikapigwa, watu waliokuwa ndani wakashangilia. Wakati fulani msusi akagundua kwamba ni yeye peke yake anayehesabu. Mikono ya Fundi ilikuwa imeachia vyuma, lakini mwili ulibaki wima mgongoni kwake, kwa vile hapakuwa na pa kuangukia. Alianguka lango lilipofunguliwa, umati ulipolegea.

Jioni redio ilisema sherehe zilifana. Bwana Mkubwa, ambaye kule juu ya ukuta aliliona gwaride lote, farasi na vifaru, alikuwa anauliza baba atarudi saa ngapi amsimulie.

Siku za msiba watu walijaa, wakapungua, wakaisha. Wenye majokofu ndio waliobaki kuja, wakisimama mlangoni kwa haya: "Pole sana, mama. Hatukutaka kukusumbua, ila lile jokofu letu..." Aliwaonyesha karakana, wakajichukulia wenyewe.

Mjomba hakuonekana mazishini. Alikuja majuma mawili baadaye, amevaa kiraia, amekonda. Watoto wakamrukia uani. Alimpakata Kifaranga. Msusi alikuwa anamsuka mteja. Akaomba radhi, akamwita ndugu yake chumbani, akafunga mlango.

"Nilikuona," kijana alisema kabla hajaulizwa.

"Najua."

"Niliamriwa, dada. Ningefungua ningefukuzwa kazi, ningefungwa. Ufunguo wenyewe sikuwa nao mimi."

"Aliyekuwa nao ulimwambia yule ni dada yako?"

Kijana akapiga magoti, akamshika miguu.

Msusi alimtazama kisogo, kisogo kile kile alichokuwa akikiogesha, na moyo wake haukuja juu wala kulainika. Ulikuwa umekufa ganzi.

"Watoto hawajui," alisema. "Na mimi sitawaambia. Baba wameshampoteza, siwezi kuwaulia na mjomba. Njoo Jumapili, cheza nao, uende. Lakini mimi usinitafute. Ukinikuta njiani, pita. Ndugu yangu nilimwacha pale langoni."

"Dada..."

"Nyanyuka. Wanakusubiri."

Akafungua mlango, akarudi kwa mteja wake, akalitafuta tuta la nywele aliloliacha katikati. Uani Kifaranga alikuwa ameshapanda mgongoni, anaamrisha farasi wake akimbie. Kijana alikuwa anakimbia, analia waziwazi, na watoto, wakidhani ni mchezo, walicheka mpaka wakakaa chini.