Herufi Aliyoitafuta Domitila

Mdogo wangu Eusebio alipomposa Domitila, Mnero nzima ilipata la kuongea. Domitila alikuwa Mmakonde aliyevuka Ruvuma peke yake, akapewa kibanda nyuma ya zahanati, akawa anafanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Mjomba wa kumsemea alibaki ng'ambo, kwa hiyo alijisemea mwenyewe. "Nataka mahali kwanza," alisema.

Sasa, sisi watu wa huku, ulimi wetu na R havijawahi kupatana. Mahari na mahali hutoka mdomoni sawasawa. Eusebio alikuwa amerudi nyumbani baada ya kazi ya mashamba ya karanga ya Waingereza kwisha Nachingwea, ana akiba yake na kiburi cha mtu aliyewahi kuendesha trekta. Alisikia mahari. Akapeleka vitenge. Domitila akashukuru, akasema, "Vizuri, ila mahali bado." Akapeleka mbuzi. Bado. Akanunua cherehani Nachingwea, akaifunga kwenye baiskeli na kuisukuma njia nzima. Domitila akaipangusa vumbi. "Mahali bado, Eusebio," alisema kwa upole.

Nilichukia, sifichi. "Huyo si mke, huyo ni shimo," nilimwambia mdogo wangu. "Utatumbukia na baiskeli yako." Eusebio alikuwa amekonda. Alisema hana tena cha kupeleka. Kama mwezi ungekwisha bila jibu, angeivunja posa na kwenda Lindi kutafuta kazi. Na Domitila angebaki na jina la mwanamke aliyekula vya mtu, mahali ambapo hana hata ndugu wa kumtetea.

Mimi na Domitila tulikaa benchi moja kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu Benedikto alikuwa amekata vibao kutoka masanduku mabovu ya mbao, kila kimoja akakiandika herufi. Alivuruga herufi za neno moja mezani, nawe uzipange, halafu useme maana. "Neno usilolijua maana ni kelele," alizoea kusema. Siku moja nilipanga samaki. Mwenzangu akazipanga herufi zile zile zikawa masika. Mzee mmoja nyuma yetu akazipanga zikawa kamasi, na darasa likaishia hapo kwa kicheko. Nilirudi nyumbani nikiwaza jinsi maneno yanavyolala kitanda kimoja bila kujuana.

Juma lililofuata Benedikto alimmwagia Domitila vibao sita. Akapanga upesi: M, A, H, A. Alipofika kwenye R akaigeuza, akaitazama, akaiweka kando. Akainuka, akachakura sandukuni mpaka akapata L.

"Rudisha hiyo," mwalimu alisema. "Nimekupa zote."

"Moja mbovu, mwalimu. Neno ni hili hapa."

"Haya, na maana yake?"

"Pa kukaa. Mtu anapanda mkorosho wake, asije mwingine akamwambia ng'oa."

Benedikto akairudisha R mahali pake, akaeleza kwamba hilo ni mahari, mali anayotoa mwanamume akitaka kuoa. Domitila alikitazama kibao kile, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ndiyo yale mavitu," alisema. "Mimi nilidhani ndugu yako anapenda tu kutoa."

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kwa aibu. Mgeni huku hupewa pa kulima mihogo na ufuta, mazao ya kuvuna na kuondoka. Mkorosho hapandi, kwa sababu mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Na kwao, kama kwetu enzi za bibi, mume ndiye huhamia kwa mke. Domitila hakuwa na kwake pa kumkaribisha mume.

Eusebio asingeweza kumpa mahali hata angekuwa na matrekta yote ya Nachingwea. Ardhi yetu ilitoka kwa mama, na mama alipofariki ilibaki mkononi mwangu, binti mkubwa.

Tuliongozana kurudi. "Kuna kipande cha mama kule bondeni," nilimwambia. "Kimelala."

"Cha kulima mihogo?"

"Cha kupanda unachotaka."

"Hata mikorosho?"

"Hata mikorosho."

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na nikimkataa ndugu yako?"

Jibu baya lilikuwa tayari mdomoni. Lakini ningelitoa, ningekuwa nimemwambia ng'oa kabla hajapanda. Nikalimeza. "Mti ukishapandwa umepandwa," nilisema.

Mvua za kwanza ziliponyesha alipanda mwenyewe, hakutaka msaada. Eusebio hakuambiwa neno. Alikuwa akinijia kuniuliza, "Dada, vipi?" nami nikimwambia atulie, Lindi haihami.

Miche ilipotoa majani, Domitila alipiga hodi kwangu, miguu yake ina matope.

"Wifi," aliniita, kwa mara ya kwanza, "mwambie Eusebio aje. Nimepata pa kumweka."