Kuosha Tromboni ya Papa Annick

...na yasiwe moto, ameshasema, maji ya moto yanabandua ile rangi ya dhahabu, vuguvugu tu kama ya kumwogeshea mtoto, nami nimechovya kiwiko kwenye beseni kama nilivyokuwa nikifanya Annick wetu alipokuwa mchanga, nikaona yako sawa, lakini yeye kutoka kwenye kiti chake hapo barazani anauliza tena, "Maji iko namna gani, Mama Annick?" na jina langu linatoka kama limelowa, kwa sababu upande mmoja wa mdomo unavuta na mwingine umelala, "Iko vuguvugu, Papa Annick, tulia," namjibu polepole, sitaki aisikie hasira, maana hasira ninayo, tangu jana aliponiambia kwamba Joselyne wa bendi ya parokia atakuja leo, umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukiisha na magari yakiruhusiwa barabarani, aichukue tromboni, iwe yake moja kwa moja, na mimi mkewe sikuulizwa, nimeambiwa tu niioshe, kama vile wanavyooshwa... hapana, najiambia, Illuminée, neno hilo la msiba limeze... "Kwanza ifungue," anasema, nami nalegeza skrubu, kinywa kipana cha kutolea sauti nakilaza juu ya taulo, kisha kulisi, huo mrija mrefu wa kuvuta na kurudisha, naubeba kwa mikono miwili, ukipata kibonyeo hata kidogo kama punje ya mchele hautelezi tena, unakwaruza, ndiyo maana miaka yote hakuniruhusu kuigusa, hata kuifuta vumbi, aliiosha mwenyewe Jumamosi kama hii, akipiga mluzi, nami nikimtazama kutoka jikoni na kujisemea, laiti mimi ningeshikwa hivyo, na kumbe nilishikwa hivyo hivyo, tangu kule Buyenzi, Bujumbura, tulikozaliwa wote wawili wazazi wetu wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda, alipokuja getini kwetu ametoka kupiga kwenye harusi, midomo yake ina duara jekundu, nikamuuliza, "Damascène, mdomo umefanya nini?" akasema, "Tromboni imenibusu, imekutangulia," mtu gani anasema hivyo kwenye geti la watu, mama yangu yuko pale pale anachambua maharage... "Burashi," anasema, "ile ndefu," naipitisha ndani ya mrija, inapinda kama nyoka mpole, inatokea upande wa pili na maji ya kijani, mazito, yananuka chuma, naye anacheka kwa pua, "Hiyo ni mate ya harusi ya watu," na mkono wangu unasimama, kwa sababu ni kweli, hii ni pumzi yake ya wakati ule, ya kabla ya kiharusi, ya mtu aliyekuwa na midomo miwili inayomtii, sasa niimwage kwenye maua kama maji ya vyombo? "Mwaga," anasema, "Papa Annick, subiri kidogo," "Mwaga, mama, iko uchafu," namwaga, ardhi inakunywa, basi, imekwisha... alianguka kazini, ofisini kule Kiyovu, hospitalini ulimi ulipoanza kufunguka Kifaransa chote cha ofisini kilikuwa kimepotea, Kinyarwanda kinakuja vipande vipande, kilichotoka kizima ni Kiswahili cha Buyenzi, kile tulichobaki nacho sisi wawili tu tangu turudi Kigali, cha kugombana na kupendana, Annick akalia, "Mama, papa anasema nini?" nami nikawa namtafsiria binti baba yake mwenyewe, nikiona aibu, jinsi nilivyofurahi moyoni kwamba amerudi kupitia mlango wetu... "Kausha vizuri," ndiyo, nakausha, kwa kipande cha kitenge kilicholainika, kisha mafuta kidogo kwenye mirija ya ndani, kidole kimoja tu, natelezesha, inakwenda, hewa inatoka mwishoni kwa sauti ndogo, fff, kama mtu anayelala salama, naifunga kulisi isichomoke, naiunganisha na kinywa kipana, nakaza skrubu, na kile kikombe cha kupulizia nakiingiza kwa kukizungusha, kamwe usikipige, kikinasa hakitoki, na sasa ni nzima, inang'aa, ni nzima kuliko sisi, na hapo linanitoka, "Kwa nini unampa? Ukipona je?" ananitazama, jicho moja linawahi, la pili linafuata, "Joselyne iko na mdomo," anasema, "mimi iko na masikio," kisha anavuta pumzi, na hapa kwetu Gikondo kote hakuna gari linalopita, "Nataka kuisikia, Mama Annick, ikikaa hapa nitaiangalia tu," ... kuiangalia, kama mimi ninavyomwangalia yeye kila asubuhi, nikipima mdomo umepanda au haujapanda, nikimsubiri mwingine arudi, na huyu aliyekaa hapa, shati limelowa kidogo chini ya kidevu, huyu nani anamsubiri? "Puliza," anasema, "Mimi? Sijui," "Tetemesha midomo, kama mtoto anacheza gari," naona haya, natazama kama majirani wanaona, lakini napiga magoti kando ya kiti, naweka midomo mahali pa midomo yake, napuliza, hewa tupu, napuliza tena na inatoka sauti ya ng'ombe aliyekanyagwa, na Damascène anacheka, anacheka kwa sauti, nusu ya uso tu inacheka lakini yeye mzima anatikisika, hajacheka hivi tangu siku ile, nami nacheka hadi kikombe kinanigonga meno, "Mungu wangu, Mama Annick, umeiua," na anaunyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, anaifungua kulisi mwenyewe, vidole vinajua, anasema, "Sasa," napuliza, anausukuma mrija mbali na sauti inashuka chini, nzito, anaurudisha na sauti inapanda, mbaya, inatetemeka, lakini inapanda, ni yangu na ni yake, Joselyne akija nitamwambia aketi kwanza anywe chai, kisha aipige hapa hapa barazani, na aje tena, Jumamosi yoyote, na majirani wasikie, lakini sasa bado barabara iko kimya, na mrija unakwenda na kurudi mbele ya macho yangu, na ninapoishiwa pumzi anausimamisha mkono wake, ananingoja.